Moshi wa Chyulu na mfereji wa Changamwe

Mkaazi wa Changamwe au Miritini anapofungua mfereji siku ya zamu ya mtaa wake, sehemu ya maji hayo huenda imetoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, lina urefu wa takriban kilomita 220, na hupitia matangi ya Mazeras kabla ya kuingia mjini. Lakini maji hayaanzi Mzima. Huanza kama mvua na ukungu juu ya Milima ya Chyulu, yakazama ardhini na kusafiri chini ya mawe hadi yatokeze kwenye chemchemi. Kwa hivyo kila kiangazi kuna askari na maskauti wanaokesha juu ya milima ile wakitafuta moshi, na kazi yao inatugusa sisi wa Mombasa bara kuliko tunavyodhani.

Chyulu ni safu ya milima ya volkano yenye urefu wa takriban kilomita 100, na kilele chake hupita mita 2,100. Ni milima michanga sana kwa hesabu ya wanajiolojia: mawe meusi ya Shetani, ambayo watalii huonyeshwa wakienda Mzima, yanasemekana kumwagika karne ya 19 tu. Ardhi yake imejaa matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupotea chini mara moja, na juu ya milima hakuna mto wala kijito. Mlima unaotupa maji hauna maji ya kuzimia moto. Mimi mwenyewe nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza niliuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya.

Anayelinda moto huanza kazi kabla jua halijapanda, na tatizo lake la kwanza ni ukungu. Upepo wa kusi, ule ule unaowafunga wavuvi wa Likoni nchi kavu kati ya mwaka, hubeba unyevu wa bahari hadi Chyulu. Ukipanda mlima hupoa na kugeuka ukungu. Alfajiri mabonde huwa meupe, na mgeni angeita kila wingu moshi. Mwenye uzoefu hutazama chini ya wingu. Ukungu hulala, huenea, kisha huinuka wote pamoja jua likipata nguvu. Moshi una shina: hutoka mahali pamoja na huendelea kutoka hapo hapo. Moshi mweupe mara nyingi ni wa majani mabichi au yenye unyevu, na ule mzito na mweusi zaidi huonyesha kuwa moto umepata chakula kikubwa.

Saa sita hadi saa kumi alasiri ndiyo saa za hofu. Jua limekausha nyasi, na hewa iliyopata joto bondeni hupanda mwinuko. Moto nao hupanda nayo. Miali huinama kuelekea juu na kukausha majani yaliyo mbele kabla ya kuyafikia, ndipo moto wa mlimani ukakimbia kwenda juu kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo. Watu wa kazi hii hukadiria kwamba mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuongezeka mara mbili. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi hushuka, unyevu hurudi, na moto hulegea. Kwa hivyo vikosi hupendelea kuukabili usiku na alfajiri, kwa matawi mabichi, mapanga na majembe, wakifyeka mkanda wa ardhi tupu mbele yake. Maji wanayobeba ni ya kunywa.

Upepo ukikataa kutulia, mahesabu yote huharibika. Oktoba 2020 moto uliozuka Kilimanjaro, mlima unaoonekana kutoka Chyulu siku isiyo na mawingu, uliendelea kwa zaidi ya wiki moja licha ya mamia ya watu kupanda kuuzima.

Siku hizi setilaiti pia hutafuta moto, lakini nyingi hupita juu mara chache tu kwa siku, na wingu zito huzizuia kuona. Macho ya binadamu bado yanahitajika. Mlinzi mmoja hutoa mwelekeo tu kwa dira. Walinzi wawili wakiwa sehemu mbili tofauti, mistari yao hukutana ramani inapowaka. Kwa mtu atakayetembea saa tatu kufika, tofauti ya bonde moja ni kubwa.

Mioto mingi huanzishwa na watu: mrina asali anayefukuza nyuki, mchungaji anayetaka nyasi mpya zichipuke, mchoma makaa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini. Tuseme ukweli pia: mfereji wa Changamwe hautakauka kesho kwa sababu nyasi za Chyulu zimeungua leo. Nyasi hurudi. Msitu wa kileleni, unaonasa ukungu kwa majani yake na kuudondosha ardhini, ndio usiorudi upesi, na moto wa nyasi huumega ukingoni kila mwaka.

Huku kwetu hatari huja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, vichaka vya Mwakirunge na Mtongwe vinapokauka na watu kuchoma taka karibu na paa za makuti. Ukiona moshi usioujua, piga 999 au 112 na useme kama mlinzi wa mlimani: uko wapi wewe, moshi uko upande gani wako, una rangi gani, upepo unausukuma wapi, na kuna nyumba upande huo au la. Taja shule, msikiti, kanisa au steji iliyo karibu, kwa sababu njia nyingi za mitaa yetu hazina majina kwenye ramani.