Pingili za Muhogo Zikaguliwe Kabla ya Kupandwa

Huenda wengine watauliza ukurasa wa afya una shughuli gani na shamba la muhogo. Hapa kwetu, kuanzia Ujiji hadi vijiji vya Kasulu, familia nyingi hutegemea ugali wa muhogo. Dagaa peke yao hawawashibishi watoto.

Magonjwa yanayousumbua zaidi muhogo ni mawili, yote ya virusi, ingawa virusi hivyo havimwambukizi binadamu. Ugonjwa wa batobato ulielezwa na wataalamu mwaka 1894, huko Usambara. Huu huonekana mapema: majani ya juu huwa madogo, yamejikunja, yana mabaka ya njano. Ule wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936, nao pia katika nchi yetu. Huu ni mdanganyifu. Mti huweza kusimama vizuri, kumbe mizizi imeoza kwa ndani, mikavu na ya rangi ya kahawia. Mama huugundua siku ya kumenya, baada ya kungoja karibu mwaka mzima.

Inzi weupe wadogo hupeleka magonjwa haya mti hadi mti. Lakini hata sisi tunayabeba. Tunamtembelea shemeji, tunarudi na mzigo wa pingili, tunapanda kwa shukrani. Pingili ikitoka kwenye mti mgonjwa, mche wake nao huwa mgonjwa, na hakuna dawa ya kuuponya.

Basi mti wa mbegu uangaliwe ungali na majani. Majani ya chini yakiwa na njano kandokando ya mishipa, au shina bichi likiwa na michirizi ya kahawia, tuuache. Wakati wa kuvuna tukate mizizi katikati tuone. Mti wenye mzizi mbovu usitoe pingili hata moja. Miche michanga yenye batobato ing'olewe na kuchomwa. Jirani asipong'oa yake, inzi watarudi, kwa hiyo jambo hili lizungumzwe katika jumuiya ndogo ndogo. Mbegu ya Mkombozi hustahimili batobato. Tumwulize bwana shamba kuhusu mbegu safi.

Shamba lenye michirizi livunwe mapema, kwa kuwa kuoza huongezeka mizizi ikikaa ardhini. Palipooza patupwe, na mashina yake yachomwe, asipewe mgeni.