Tetemeko la Sumatra Linamhusu Nini Mtoto wa Tarime?

Ukichora mstari ulionyooka kutoka Mugumu hadi Dar es Salaam, utapita zaidi ya kilometa 700 kabla hujaiona bahari. Ndiyo maana mtu wa Tarime au Serengeti akisikia habari ya tetemeko lililotokea chini ya bahari huko Indonesia, anaona ni mambo ya watu wengine. Darasani nako ni hivyo hivyo: mwalimu anaandika maana ya tsunami ubaoni, wanafunzi wananakili, wanakariri, mtihani unapita, basi. Sisi tunaosomea ualimu tuliangalie jambo hili upya, kwa sababu lilishaua watu hapa hapa Tanzania.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Yapata saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu, tetemeko lenye ukubwa wa 9.1 lilitokea baharini, magharibi ya kisiwa cha Sumatra. Mawimbi yake yaliua watu wapatao 230,000 kuzunguka Bahari ya Hindi. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wakiwemo vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam mchana wa siku hiyo, siku ya pili ya Krismasi.

Sasa ilikuwaje tetemeko la kule likaua watu huku? Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, sentimeta chache tu kwa mwaka. Kwetu Afrika Mashariki mabamba yanaachana. Ndiyo maana tuna Bonde la Ufa, na ndiyo maana majivu ya volkano za ukanda wa Ngorongoro yametanda kwenye nyanda za kusini za Serengeti. Sumatra mambo ni kinyume. Kule bamba la India linazama chini ya bamba jirani, na halizami kwa ulaini. Mahali yanapogusana, mabamba hayo yameng'ang'aniana. La chini linaendelea kushuka huku likilivuta la juu, nalo la juu linajikunja taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa mamia ya miaka. Siku mng'ang'anio huo unaposhindwa, bamba la juu linafyatuka kama kijiti cha mtego wa ndege.

Mwaka 2004 mpasuko ulienea umbali wa kilometa kama 1,300, na kuna sehemu mabamba yaliteleza zaidi ya mita 10. Linganisha na tetemeko tunalolikumbuka wengi wetu, lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016. Lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi. Kwenye kipimo hiki kila hatua moja ni nguvu mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Sumatra lilitoa nguvu zaidi ya mara 60,000 ya lile la Bukoba. Na nguvu hiyo ilitokea chini ya maji.

Hapo ndipo mawimbi yalipozaliwa. Wengi wa Mara tunalijua Ziwa Victoria likichafuka. Yale ni mawimbi ya upepo, yanasukasuka maji ya juu tu. Tsunami ni kitu kingine. Sakafu ya bahari ikiinuka ghafla, inayainua maji yote yaliyo juu yake, kutoka chini kabisa mpaka juu, halafu maji hayo yanaanza kusafiri.

Kasi yake unaweza kuikokotoa kwa hesabu ya kidato. Zidisha kina cha maji kwa mita na 10, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina kikiwa mita 4,000 unapata mita 200 kwa sekunde, yaani kilometa 720 kwa saa, sawa na mwendo wa ndege. Kina kikibaki mita 10 unapata kilometa 36 kwa saa. Maji ya mbele yanapunguza mwendo yakikaribia ufukwe, ya nyuma bado yanakuja kwa kasi, ndipo yanapandana na kuwa ukuta. Na hata hiyo 36 huwezi kushindana nayo kwa miguu mchangani.

Kutoka Sumatra hadi pwani yetu ni zaidi ya kilometa 6,000. Gawanya kwa 720 utaona kwamba mawimbi yalihitaji muda wa saa nane mpaka tisa hivi kutufikia. Watu wa Aceh hawakupata hata nusu saa. Sisi tulikuwa na asubuhi nzima. Kenya maofisa waliziona habari kutoka Asia wakaondoa watu kwenye fukwe, na nchi nzima ikapoteza mtu mmoja. Somalia, ambako hakukuwa na serikali ya kutoa tangazo, walikufa karibu watu 300.

Baada ya hapo uliundwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO, na kwa hapa nchini tahadhari hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mfumo huo ulipata mtihani tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6 lilipotokea tena baharini karibu na Sumatra. Tahadhari ilitolewa, lakini mawimbi yaliyokuja yalikuwa madogo, kwa sababu safari hiyo miamba iliteleza kwa ubavu na sakafu ya bahari haikuinuka sana. Mtu asiyejua tofauti hiyo atasema walitudanganya, na safari nyingine atabaki ufukweni.

Kwa hiyo mitambo peke yake haitoshi. Kisiwa cha Simeulue kiko jirani kabisa na mahali tetemeko la 2004 lilipoanzia, na kilikuwa na watu kama 78,000. Walikufa 7 tu. Wazee wao walipigwa na tsunami mwaka 1907, na tangu hapo watoto walifundishwa kwa hadithi kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Kule Thailand, Tilly Smith, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, aliyaona maji yakifanya mapovu akakumbuka somo la Jiografia la wiki mbili kabla. Aliwaambia wazazi wake, na ufukwe ukaondolewa watu kabla wimbi halijafika.

Lakini tukifundisha huku, tusihamishe somo la Simeulue kama lilivyo. Tsunami ikitoka Sumatra, mtu aliye Dar au Tanga hatahisi mtikisiko wowote. Anachoweza kukiona ni bahari kurudi nyuma ghafla, samaki wakabaki wanatapatapa mchangani, au kusikia tangazo. Pia ajue kwamba wimbi la kwanza si la mwisho. Mengine huja kwa muda wa saa kadhaa, na mara nyingi la kwanza silo kubwa kuliko yote.

Mtoto anayesoma leo Nyamongo au Mugumu, kesho yupo chuo Dar, au amepata kazi Kigamboni, au ameenda na wenzake kuogelea sikukuu. Kwa hiyo tutakapokwenda fildi na kupewa mada ya matetemeko, tusiishie kwenye swali la "eleza maana ya tsunami". Tuulize hivi: uko ufukweni, bahari imekauka ghafla na watu wanakimbilia kuokota samaki, utafanya nini, na kwa nini? Atakayejibu "nitakimbilia mahali pa juu na kuwaita wenzangu", na akaeleza sababu, huyo ameelewa. Mpe alama zake zote.