Wanafunzi wa Udaktari Nao Waogopa Kutoa Damu

Mwezi huu tunawasema kidogo watoto wetu, wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwetu kwa mazoezi.

Usiku mmoja aliletwa mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungulia nyumbani. Katika friji ya maabara damu ya kundi lake haikuwapo. Aliyemsindikiza ni bibi mzee peke yake. Tukakimbilia hosteli. Wanafunzi walikuwa tisa; walioinuka ni wawili. Damu ya mmoja ikafaa, na mama akapona.

Asubuhi tuliwauliza wengine, si kwa ukali. Mmoja alisema mtihani u karibu, ataishiwa nguvu. Mwingine alisema hosteli wanakula ugali na maharage tu, damu haitarudi. (Maharage hayo hayo tunayowahimiza wajawazito wale kuongeza damu!) Wa tatu alinyamaza, kisha akatuita pembeni. Haogopi sindano, anaogopa majibu ya maabara.

Huyu ndiye aliyetugusa. Kila damu inayotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kijana anawashauri wagonjwa wapime, na mwenyewe hajapima. Hatukumlaumu. Tulimwambia kwamba majibu ni siri, na kwamba siku hizi dawa zipo, si kama miaka ya 1990 tulipokuwa tukiwashika wagonjwa mkono tu. Lakini asipime hali yake kwa kutoa damu: maambukizi mapya huweza yasionekane, na mgonjwa akadhurika. Aanze kwa mshauri.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, nasi huchukua mililita 450. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi 3 na mwanamke miezi 4. Haya wanafunzi waliyajua. Hata walitusahihisha hesabu! Kumbe hawakukosa elimu. Wamezoea kuona damu ikidaiwa kwa ndugu wa mgonjwa, na hakuna aliyewahi kuwaomba wao mchana, kwa utulivu.

Tumewaomba. Watano wameandika majina kwa ajili ya baada ya mtihani. Hatutawaita wote siku moja, maana damu hukaa katika friji siku 35 tu. Yule wa tatu tulimsindikiza kwa mshauri, tukamngoja nje.