Oili Inayovuja katika Gari la Chama: Namna ya Kuitafuta na Kuizuia

Chama cha msingi chenye gari lake la kusombea pamba hupata gharama nyingi zinazoonekana wazi, kama vile matairi na dizeli. Iko gharama nyingine isiyopigiwa kelele, nayo ni oili ya injini inayodondoka kidogo kidogo. Dereva huomba lita moja, katibu huandika hati ya malipo, na mambo huendelea hivyo mpaka siku injini inapokwama njiani kati ya Magu na Mwanza ikiwa na shehena ya wakulima mgongoni. Injini iliyosaga beringi kwa kukosa oili haitengenezwi kwa fedha za matumizi madogo madogo. Shauri hilo hufika mbele ya mkutano mkuu, na wanachama wana haki ya kuuliza.

Dalili ya kwanza ya kuvuja imo ndani ya daftari la gari, kabla hata fundi hajaitwa. Katibu aandike kila oili inapoongezwa: tarehe, kiasi, na kilomita zinazosomeka siku hiyo. Hata injini nzima hutumia oili kidogo. Lakini gari lililokuwa likiongezewa lita 1 kila kilomita 2,000, kisha likaanza kudai lita hiyo kila kilomita 500, lina ugonjwa. Daftari lisilo na kilomita haliwezi kusema lolote, hata likiwa na mihuri mingi.

Kipimo nacho kiwe cha haki. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kadhaa ili oili ishuke, kijiti kipanguswe, kirudishwe, kisha ndipo kisomwe. Inafaa pia kujua kama oili inavuja au inaungua. Moshi wa rangi ya buluu ukitoka kwenye bomba la moshi, huenda ringi za pistoni zimechakaa au oili inapita kwenye vali. Utando wa oili ukielea ndani ya rejeta, oili inaingia katika maji. Hayo ni magonjwa mengine. Penye kuvuja hasa, injini huwa na unyevu kwa nje na ardhi huwa na madoa.

Hapa ndipo fedha nyingi za vyama hupotelea. Mtu huinama chini ya gari, huona sampu imelowa, akaagiza gasketi ya sampu. Gasketi hufungwa, na baada ya juma moja sampu imelowa tena. Oili hushuka, na upepo wa mwendo huisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo mahali inapodondoka mara nyingi si mahali inapotokea. Barabara zetu za vumbi huongeza ugumu, maana vumbi hushikana na oili na kuwa tope jeusi linalofunika injini yote.

Dawa yake ni kuosha kwanza. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, tope likwanguliwe, injini isuguliwe kwa brashi na dizeli kidogo au sabuni ya mafundi, ioshwe, ikaushwe kwa matambara. Maji yasielekezwe kwenye nyaya za umeme wala kwenye njia ya hewa. Kisha injini iwashwe kwa muda, gari liende safari fupi, na ukaguzi uanzie juu kuteremka chini kwa kurunzi. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kushuku. Kama bado hapaonekani, poda ya kawaida ipulizwe juu ya sehemu iliyokaushwa, na oili itachora mstari wake yenyewe. Atakayeingia chini asitegemee jeki peke yake. Gari liwekewe vigingi imara na magurudumu yazuiwe.

Mara nyingi kosa huwa dogo. Gasketi ya kifuniko cha vali huwa imekauka kwa joto. Filta mpya huenda ilifungwa juu ya mpira wa filta ya zamani uliobaki umeng'ang'ania. Mpira mpya hupakwa oili, na filta hukazwa kwa mkono bila nguvu za spana. Nati ya kumwagia oili huenda imekosa washa yake. Swichi ndogo ya presha ya oili nayo huweza kupitisha oili katikati yake, na kuibadilisha ni kazi fupi.

Upo uvujaji unaorudi kila sili inapobadilishwa. Kabla ya kumlaumu muuza vipuri, tundu la kupumulia la injini litazamwe. Likiziba, hewa iliyobanwa ndani husukuma oili nje kupitia kila palipo dhaifu, na sili mpya haidumu.

Oili ikitoka pale injini inapoungana na gia boksi, sili ya nyuma ya krenki hushukiwa. Kwanza ihakikishwe kwamba si oili ya gia, ambayo ni nzito na ina harufu kali. Sili yenyewe si ghali, lakini gia boksi sharti iteremshwe. Basi sahani ya klachi ikaguliwe siku hiyo hiyo, ili ufundi usilipiwe mara mbili.

Katika kufunga, nguvu nyingi huharibu. Bolti zikikazwa kupita kiasi hupinda kifuniko cha bati na kukamua gasketi. Silikoni ikipakwa kwa wingi, vipande vyake huanguka ndani na kuziba chujio la oili, na hapo aliyetaka kuzuia tone huiua injini. Baada ya matengenezo oili ipimwe upya, na baada ya kilomita kama 100 mahali pale patazamwe tena. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, dereva azime injini papo hapo, asiseme atafika kituo kinachofuata.

Gari linalovuja lisilazwe ndani ya ghala. Pamba iliyogusa sakafu yenye oili haiwezi tena kuuzwa kuwa safi. Ni fifi, na anayepunjwa ni mkulima. Oili chafu iwekwe katika dumu lenye kifuniko, wala isimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya katikati ya mji wa Mwanza huingia Mto Mirongo, nao humwaga ziwani.