Kabla ya Kumfungia Mwanao Virago vya Chuo Kikuu

Kila mwaka, wakati wa kuripoti vyuoni unapokaribia, pilkapilka huzuka katika nyumba nyingi mijini. Kijana ameitwa chuo kikuu! Majirani wametoa pongezi, wajomba na mashangazi wamechanga, na orodha ya vitu vya kununua inazidi kurefuka. Kila aingiaye mlangoni huongeza chake. Shangazi anataka asikose birika la umeme. Kaka anasema chumba bila spika si chumba. Mama naye amekwisha kuona duveti yenye maua huko Eastleigh. Siku ya safari gari hujaa hadi juu, na mfuko hubaki mtupu.

Hapo ndipo taabu inapoanzia, mzazi mpenzi. Duveti hailiwi. Mwanafunzi anaweza kulala juu ya godoro jipya, chini ya duveti jipya, huku tumbo likinguruma tangu asubuhi. Isitoshe, wengi huona haya kupiga simu nyumbani juma la tatu tu kuomba pesa, kwa kuwa wanajua jinsi jamaa walivyojinyima. Basi hukaa kimya, wakaanza kukopa kwa wenzao, na masomo yakaenda mrama.

Nasaha ya leo ni fupi: nunua kidogo kwanza, weka pesa za chakula kando, na mengine yasubiri hadi chumba kionekane.

ANZA NA BAHASHA

Kitu cha kwanza cha kufunga si godoro bali ni bahasha. Pakua barua ya mwaliko kutoka kwenye tovuti ya chuo chenyewe, uisome yote, pamoja na fomu zilizoambatishwa. Kwa kawaida chuo hudai cheti au hati ya matokeo ya KCSE, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, fomu ya afya iliyojazwa na kupigwa mhuri na daktari, na stakabadhi ya benki kuonyesha kwamba karo imelipwa.

Toa nakala kadhaa za kila hati. Angalia kama majina yanalingana, kwani herufi moja iliyo tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cha mtihani inaweza kumrudisha mtu nyumbani kutafuta hati ya kiapo. Ulizia pia kama kijana amesajiliwa katika SHA, bima ya afya iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Bahasha hiyo ikae katika begi la mkononi, kamwe isifungwe pamoja na mzigo unaowekwa juu ya gari.

PESA ZA MAJUMA YA KWANZA

Wazazi waliosoma vyuo vikuu miaka ya 1980 wanakumbuka maisha mengine kabisa. Walikula katika ukumbi wa chuo kwa gharama ya serikali, na tena walipewa masurufu waliyoyaita "boom". Mambo hayo yalikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mpango wa kugawana gharama ulipoletwa na mwanafunzi akaanza kulipia kila sahani anayokula. Kwa hiyo, mzazi, usipime mahitaji ya mwanao kwa kibaba cha enzi zako.

Siku hizi wengi hutegemea HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo huo ni msaada mkubwa, lakini hauji siku ya kuripoti. Mara nyingi huingia majuma kadhaa baada ya masomo kuanza, na wakati mwingine hukawia zaidi. Mwenye hekima hujiandaa kana kwamba hautafika kabla ya mwezi mmoja na nusu kwisha.

Tuchukue mfano. Tuseme familia imebakiwa na shilingi 15,000 baada ya karo, malazi na nauli. Zikitumika zote madukani, kijana atakula nini? Sasa zigawe hivi: shilingi 5,000 za vitu vya chumbani, shilingi 9,000 za chakula kwa majuma sita, yaani shilingi 1,500 kila juma, na shilingi 1,000 za dharura zisizoguswa. Familia yako huenda ina zaidi ya hizo, au haba kuliko hizo, lakini hesabu ni ile ile: chakula kwanza, pambo baadaye. Mzazi anaweza hata kuzishika pesa za chakula mwenyewe na kuzituma kwa simu kila Jumapili jioni, ili zisimalizike zote katika juma la kwanza la shamrashamra.

FUNGUA SANDUKU LA SHULE

Kabla ya kwenda sokoni, vuta lile sanduku la chuma alilorudi nalo kutoka shule ya bweni. Ndani yake au kando yake utakuta nusu ya orodha yako: blanketi, shuka, ndoo, kufuli, taulo, sahani, kijiko, labda hata godoro. Najua kijana atakunja uso. Hataki kuonekana chuo kikuu na blanketi la shule. Lakini blanketi likifuliwa vizuri na kutandikwa shuka juu yake, nani atalitambua? Kila kitu kinachotoka katika sanduku hilo ni chakula cha siku kadhaa.

Sanduku lenyewe liache nyumbani. Katika chumba kidogo cha bweni, begi la kawaida linaloingia mvunguni linafaa zaidi.

KIJUE CHUMBA, UJUE NA HALI YA HEWA

Katika mabweni mengi ya vyuo vyetu, chumba hulaliwa na watu wawili, watatu, wanne au zaidi. Vitanda ni vyembamba. Mara nyingi upana wake ni futi tatu au pungufu, na urefu futi sita. Godoro la futi nne halitaingia, hata ulisukume namna gani. Basi piga simu chuoni, au muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, maswali manne: Godoro linatolewa? Kitanda kina upana gani? Kupika kunaruhusiwa? Na je, nafasi ya bweni hupatikana siku ya kuripoti, au kuna watakaolazimika kupanga nje?

Halafu tazama ramani. Anayekwenda Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, au Kesses karibu na Eldoret katika Chuo Kikuu cha Moi, anakwenda nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huyo anahitaji blanketi zito, sweta na soksi. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au Mombasa, atalitupa duveti kando usiku wa kwanza. Shuka mbili nyepesi, kanga au kikoi, na neti vitamtosha. Kisumu na Maseno ni ukanda wa ziwa, na malaria haina mchezo. Huko neti ni ya lazima, inunuliwe kabla ya pazia.

Vitu vingine vya lazima ni vichache: mto na foronya, ndoo na karai, kandambili za kuogea, sabuni, kufuli mbili imara, sahani, kikombe, kijiko, kisu kidogo, na sufuria moja kama kupika kunaruhusiwa. Wasichana wasisahau sodo za miezi miwili. Mwenye pumu au maradhi mengine ya kudumu abebe dawa za kutosha pamoja na karatasi ya daktari wake. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kikapu au kiondo kimoja madhubuti kitamfaa muhula mzima.

SOKONI BILA KUPUNJWA

Walio Nairobi wana bahati ya masoko. Sufuria, ndoo na vyombo vya jikoni hupatikana Kamukunji kwa bei nafuu kuliko katika maduka makubwa. Mashuka na mablanketi ya mitumba yako Gikomba, nayo mara nyingi ni mazito na ya kudumu. Nafaka ziko Nyamakima. Vitu vya umeme viko Luthuli Avenue. Mombasa kuna Kongowea, na Kisumu kuna Kibuye. Nendeni asubuhi, na orodha mkononi, tena mzazi na mtoto pamoja, kwani kijana asiyejifunza kuuliza bei akiwa na mamake atajifunza peke yake kwa hasara.

Vitu vikubwa na vya bei rahisi, kama vile ndoo na karai, si lazima visafirishwe kutoka mbali. Vitapatikana karibu na chuo. Jihadhari tu na wauzaji wa langoni juma la kuripoti, kwani bei zao hupanda wakijua mgeni hana muda wa kuzunguka. Wakati mwingine mwanafunzi anayehama bweni huuza meza, rafu au godoro lake kwa bei ya kutupa. Huo ni mwanya mzuri kwa aliyekwisha kufika na kutulia.

Chakula cha kubeba kisizidi cha majuma mawili. Gunia la maharagwe chumbani ni karamu ya fukusi na panya.

Kuhusu kipakatalishi, usikimbilie. Subiri ujue somo lako linadai nini, kwani mwanafunzi wa uhandisi au usanifu wa majengo huhitaji mashine yenye nguvu kuliko anayesomea historia. Ukinunua iliyotumika, nunua dukani, washa, tumia kwa muda ukiwa pale pale, jaribu betri, na udai risiti. Wale vijana wa vichochoroni wanaokuonyesha simu au kipakatalishi safi kisha wakakufungia kipande cha sabuni hawajaondoka mjini. Rahisi ghali.

MOTO NA UMEME

Sasa tufike kwenye jambo lisilo na mzaha. Jiko la makaa lisiwashwe chumbani, wala lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya kuota. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kusikia kichwa kikimuuma na usingizi ukimlemea, na asipotolewa nje huenda asiamke. Mwambie mwanao haya kwa kinywa chako, hata kama unaamini anayajua.

Koili ya umeme nayo imekatazwa katika mabweni mengi, na kuna sababu. Umeme wetu ni wa volti 240, na ekstensheni ya kawaida yenye fyuzi ya ampea 13 haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,120. Koili ya wati 1,500 na birika la wati 2,000 zikiwashwa pamoja ni wati 3,500. Ekstensheni hafifu, yenye waya mwembamba, huweza kuyeyuka hata kabla ya kufika hapo. Ikiwa moto haukuzuka, basi umeme utakatika na bweni zima likae gizani usiku wa mtihani. Soma kanuni za bweni kabla ya kununua chombo chochote cha kupikia, awe ni wa gesi au wa umeme. Nunua ekstensheni moja nzuri, na usizichomeke mbili pamoja.

Pia, ya nini watu wanne katika chumba kimoja wawe na pasi nne na birika nne? Subirini mkutane, mjuane, kisha mgawane: huyu pasi, yule birika, mwingine ufagio na ndoo ya maji. Pesa zitaokolewa, na ujirani utaanza vyema.

VISIVYOUZWA DUKANI

Wewe kijana, majuma yaliyobaki ni ya kujifunza. Pika ugali usio na madonge, maharagwe yaliyoiva na wali usioungua. Fua shuka zako mwenyewe. Nunua daftari la shilingi chache uandike kila senti inayotoka. Ukiyajua hayo hutaaibika mbele ya wenzako, uwe umetoka Karen au Kayole.

Nawe mzazi, usishindane na jirani. Ikiwa mtoto wake alipelekwa na gari lililojaa vyombo, hujui ni deni kiasi gani lililobaki nyuma. Mpe wako kulingana na mfuko wako, na umweleze waziwazi kilichopo na kisichokuwapo. Halafu mwambie neno hili kabla hajapanda gari: "Siku utakayokosa chakula, nipigie. Sitauliza kwanza pesa zilikwenda wapi." Ukilisema, litimize. Hesabu ya pesa ifanywe baadaye, akiwa ameshiba.

Haya basi, fungeni virago mapema, vichache, vyenye maana. Akiba haiozi. Nafasi itakayobaki garini isiwatie wasiwasi, kwani muhula wa pili nao waja, na kijana atakuwa amekwisha kujua mwenyewe kilichopungua chumbani.