Hamsta Ananyonyoka Manyoya: Fahamu Sababu, na Uvimbe wa Kuogopa

Hamsta wa Syria, anayefugwa sana majumbani, anatokana na wachache waliochimbuliwa ardhini karibu na Aleppo mwaka 1930. Huishi miaka miwili hadi mitatu tu, hivyo wiki mbili za kuugua kwake ni muda mrefu. Usisubiri.

Manyoya yakipukutika mgongoni na kiunoni, ngozi ikawa kavu yenye magamba, mshukiwa wa kwanza ni utitiri aitwaye Demodex. Mdudu huyu hukaa hata kwenye ngozi ya hamsta mzima bila kumdhuru. Huzidi pale kinga ya mwili inaposhuka kwa uzee au maradhi mengine. Ndiyo maana daktari makini hatibu ngozi peke yake, bali huchunguza pia figo na uvimbe wa ndani. Choa ni nadra, lakini humwambukiza binadamu. Nawa mikono.

Na uvimbe je? Madoa mawili meusi, moja kila ubavu, ni tezi za harufu, na kwa madume huonekana zaidi. Si saratani. Shavu lililovimba bila kupungua huenda lina chakula kilichokwama au jipu. Uvimbe mwingine wowote unaokua, mpeleke kwa daktari wa wanyama ungali mdogo.

Tafadhali, usimpe kamwe amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini huvuruga bakteria wa utumbo wake, wale wenye sumu wakashamiri, naye akafa kwa kuhara.