Waya mgumu na waya laini: jua unachouza kabla mteja hajaurudisha

Leo siongelei mtaji wala mkopo, naongelea waya. Nina duka dogo la spea za baiskeli na vifaa vidogo vidogo hapa Kizwite, Sumbawanga, na naona wauzaji wengi wanachanganya sana hapa. Mteja anasema "nipe waya mgumu", muuzaji anampimia waya wa kufungia nondo kwa sababu ndo upo. Kesho yake mteja karudi nao umejikunja kama tambi. Hela unarudisha, na maneno unapewa.

Iko hivi. Waya wa kufungia nondo umepashwa moto kiwandani makusudi ili ulainike, fundi akiuzungusha ubaki hapo hapo. Waya mgumu ni chuma chenye kaboni nyingi zaidi, na umevutwa ukiwa baridi kupitia tundu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka ukafika unene wake. Huo ukiupinda unataka kurudi ulikotoka. Watu wanadhani mgumu maana yake unakataa kupindwa. Sio hivyo. Chukua nyaya mbili za chuma, unene mmoja, urefu mmoja, zisukume kidogo tu: mkono hausikii tofauti. Endelea kusukuma sasa. Ule laini unakata tamaa mapema na kubaki umepinda, mgumu unakwenda mbali na bado ukiuachia unarudi. Hicho kurudi ndo mteja anachokinunua.

Nina mteja kijana wa Majengo anayetengeneza treni za kuchezea na kuziuza. Sumbawanga hatuna reli, ya karibu ni ya Mpanda au TAZARA ya Tunduma, lakini watoto wanaona SGR kwenye simu tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, basi wanataka treni. Hizi zake zina reli inayogawanyika, treni inashika njia ya kushoto au ya kulia. Pale panapogawanyika kuna vipande viwili vya reli vinavyosogea pamoja, mwisho wake umechongwa mwembamba kama ulimi. Ulimi lazima ubane kabisa kwenye reli ya pembeni. Ukiacha nafasi, gurudumu linaingia katikati na treni inaanguka.

Kinachosogeza ulimi ni waya uliosimama chini ya ubao, unapita kwenye tundu na kushika kijiti kinachounganisha ndimi zote mbili. Chini kuna mkono wa kusukuma. Tuseme ulimi unahitaji kusogea milimita 2 tu, lakini mkono unaupeleka mwisho wa waya milimita 4 au 5. Zile za ziada zinaenda wapi? Zinabaki kwenye waya. Waya mgumu unapinda kidogo na kuendelea kuukandamiza ulimi hata ukitoa mkono wako. Ukiweka waya wa nondo, mara ya kwanza unafanya kazi vizuri, ya pili hivyo hivyo, ya tano ulimi unalegea kwa sababu waya umeshazoea mkunjo. Yule kijana alikuwa ameuziwa huo sehemu nyingine, na treni mbili zikamrudia. Kwa mtu anayeuza vitu viwili vitatu kwa wiki, hiyo ni wiki imeondoka.

Sasa waya huo unautoa wapi Sumbawanga? Hauhitaji kuagiza mbali. Nyuzi za gitaa zile nyembamba zisizoviringishiwa kitu ni waya mgumu kabisa, ule ule wa familia ya nyuzi za piano. Uzi wa kwanza uko kama milimita 0.25, wa tatu usioviringishwa kama 0.4. Wanakwaya wakibadilisha nyuzi hawatupi dhahabu, ila kwako ni mali. Waya wa ndani wa breki ya baiskeli umesokotwa kwa nyuzi nyembamba ngumu, na mafundi hukata ncha zake kila siku. Halafu spoku. Spoku ya kawaida ina milimita 2, na ikikatika mara nyingi inakatikia kwenye kona karibu na kichwa, kwa hiyo sehemu ndefu iliyonyooka bado nzima. Mimi nazichukua kwa mafundi kwa bei ya chuma chakavu. Kwa springi ya ulimi ni nene mno, lakini kwa ekseli ya behewa na ule mkono wa chini, safi sana. Watengeneza mitego ya panya nao wanaziulizia.

Wa kuogopa ni waya uliotolewa kwenye tairi lililochomwa. Ndani ya tairi ulikuwa mgumu kweli, ila moto umeulainisha. Unafaa kufungia uzio, usiuuze kama springi. Na ndo sababu mwambie mteja asiuweke waya mgumu kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu ili aupinde kirahisi. Aupinde baridi, taratibu, kwa kuuzungusha kwenye msumari, asiuvunje kona kali, na asiupinde huku na huku, utakatika.

Unene usikisie. Waya ukiwa mnene mara mbili, ugumu wa kuupinda unaongezeka mara 16, sio mara mbili. Urefu nao: ukiacha sehemu inayopinda iwe nusu, inakuwa ngumu mara 8. Kwa hiyo mteja akilalamika springi ni dhaifu, usikimbilie kumuuzia waya mwingine, mwambie kwanza aufupishe kidogo. Hapo umepoteza mauzo ya siku moja, lakini atarudi kwako.

Kukata. Plaizi ya kawaida itapata pengo kwenye meno, na utakuwa umeharibu chombo cha bei kubwa kwa waya wa bei ndogo. Chora alama kwa tupa kuzunguka waya, ushike pande zote mbili kwa plaizi, uuvunje. Funika kitambaa na vaa miwani, maana kipande kinaruka kama risasi. Fundi jirani yangu kilimpiga juu ya nyusi, kidogo tu jicho liende.

Dukani nimevitenganisha: laini uko kwenye roli mlangoni, mgumu nimeupaka mafuta ya cherehani na kuuweka kwenye kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa chini. Kuanzia Novemba mvua za huku hazina utani, na waya mwembamba ukishika kutu unakatikia pale pale kutu ilipoanzia.